Viti vya makatoni: shajara ya miezi mitano Kisauni

Februari, wiki ya kwanza

Tumeanza. Mradi ni mdogo: viti vitano vya makatoni na gundi ya unga, kwa watoto watano wenye mtindio wa ubongo, yaani ubongo ulioumia mapema hata mwili hautawaliki vizuri, wote chini ya miaka sita. Karakana ni uwa wa fundi seremala mstaafu hapa Kisauni, Mombasa. Hatutozwi kodi. Sharti lake ni moja tu, kuku wake wasifukuzwe. Mimi kazi yangu ni tiba ya viungo, au "mazoezi" kama kina mama wanavyoiita: "Kesho nampeleka mazoezi."

Nimeulizwa mara nyingi fizio ana kazi gani na makatoni. Mtoto akijaliwa hunijia mara moja kwa wiki, nusu saa. Wiki ina saa 168. Hizo nyingine yuko chali kitandani, au yumo mbelekoni, au amepakatwa na bibi mbele ya televisheni, na mwili wake unafuata mafunzo ya huko, si ya mkeka wangu. Jeraha la ubongo lenyewe halikui. Lililotokea wakati wa kuzaliwa, au kwa homa ya uti wa mgongo, limeshatokea. Lakini misuli iliyokakamaa haifuatani na mfupa unaokua, na mtoto anayekaa vibaya miaka mitatu mfululizo hupindika kama mche ulioota chini ya jiwe.

Na muda ni mfupi. Tangu 1997 tunawapanga watoto hawa kwa madaraja matano ya GMFCS, kipimo cha uwezo wa mwendo, kazi ya Robert Palisano na wenzake: wa daraja la kwanza hutembea bila msaada, wa tano hata kichwa humshinda. Uchunguzi uliochapishwa 2002 kutoka Kanada ulionyesha kwamba mtoto akifika kama miaka mitano huwa ameshapata takriban asilimia 90 ya uwezo wa mwili atakaokuwa nao, na wa daraja la tano hufika hapo hata kabla ya kutimiza miaka mitatu. Mkubwa wa watoto hawa watano ana miaka mitano na miezi minne.

Majina ya watoto sitayaandika. Nitawaita kwa mitaa yao.

Februari, wiki ya pili

Mtongwe, kupima. Leo bamvua, maji yamekupwa mno, na mteremko wa feri ulikuwa mkali kama paa la nyumba. Mimi nilibeba futi ya cherehani na kigoda tu. Mbele yangu alikuwa mama na mtoto wa miaka sita au saba mgongoni, miguu inaburura, anateremka upande upande kama kaa. Si mtoto wetu. Nilimshika mkono hadi chini na hatukusemezana, kwa sababu king'ora kilikuwa kimeshalia.

Mtoto wa Mtongwe ana miaka minne, daraja la tano. Analelewa na bibi, mamake yuko kazini Bara. Nilifika wakati wa uji. Bibi alimlaza mapajani, kichwa kimening'inia nyuma ya mkono wake, akamimina uji kwa kijiko kikubwa. Mtoto akakaza mwili mzima kama upinde, akakohoa, macho yakajaa machozi, uji ukatoka puani.

"Yuwakohoa kwa sababu ya kifua," bibi akaniambia. "Ana baridi huyu tangu azawe."

Nikamwomba tujaribu pamoja. Mtoto akae wima, nyonga zikunjwe, kidevu kiinamie kifua kidogo, kijiko kidogo kitoke mbele, kwa chini, kiguse ulimi na kusubiri. Kichwa kikirudi nyuma njia ya hewa huwa wazi, uji huteremkia mapafuni, na watoto wa daraja hili wengi huondolewa na kifua kuliko kitu kingine chochote.

"Daktari, mimi nimelea tisa. Wote wamekula hivi."

"Kweli, bibi. Ila hao tisa walijua kumeza wenyewe."

Alininyamazia. Vijiko vitatu vilipita bila kikohozi, cha nne akapaliwa. Nikampima juu ya kigoda, bibi amemshika kwapani: makalio hadi nyuma ya goti sentimita 24, goti hadi kisigino 21, upana wa nyonga 19.

Februari, wiki ya nne

Jinsi tunavyotengeneza. Njia hii ya samani za karatasi ilikuzwa Zimbabwe na imetufikia mkono kwa mkono. Makatoni tunayaokota madukani Kongowea. Yanabandikwa tabaka saba au nane kwa gundi ya unga wa ngano uliopikwa mzito kama uji wa mgonjwa. Mifereji ya ndani ya katoni lazima ipishane, tabaka moja wima, linalofuata mlalo, la sivyo ubao utakunjika kwenye mstari mmoja. Juu yake mawe usiku kucha. Kisha kuanika, upande huu na upande ule, kwa sababu ubao ulioanikwa upande mmoja hujipinda kama papa mkavu. Kiunzi kikishaungwa kinavikwa vipande vya karatasi ya kaki, vilivyochanwa kwa mkono. Vikikatwa kwa makasi ukingo hubaki na kona, na kona hubanduka. Mwisho ni vanishi, mikono miwili.

Ubao uliokauka utaujua kwa sikio. Fundi huugonga kwa kifundo cha kidole. Ukilia *ko, ko* uko tayari. Ukilia *pu*, urudishe juani.

Machi, wiki ya pili

Kiti cha kwanza kimekamilika na kimeharibika siku hiyo hiyo. Makosa ni yangu. Huyu wa Majengo nilimpima amelala kitandani, kwa haraka, na kina cha kiti kikazidi kwa sentimita nne. Mtoto akawekwa. Goti halikufika ukingoni, basi mwili ukatafuta nafasi: akateleza, akaketi kwa uti wa mgongo, kidevu kikagota kifuani. Mamake akasema kwa adabu, "Lakini kizuri, dokta." Fundi hakusema kitu. Alichukua msumeno akaenda kumwangalia kuku.

Sasa kanuni imeandikwa ukutani kwa chaki: PIMA AMEKETI. Makalio hadi nyuma ya goti, toa vidole viwili.

Na jambo lingine limeandikwa chini yake, kwa kuwa watu wawili wameshaniuliza. Kile kigingi cha katikati ya mapaja si cha kumzuia mtoto asiteleze. Ni cha kutenganisha magoti ya wale ambao miguu hupishana kama mkasi. Kinachozuia kuteleza ni mkanda wa nyonga, unaoshuka mshazari na kufungwa chini ya kiti, pamoja na kikalio kilichoinuliwa kidogo kwa mbele. Ukitegemea kigingi, mtoto anakaa siku nzima amebanwa mahali ambapo wewe mwenyewe usingekubali kubanwa hata dakika.

Machi, wiki ya nne

Mji wa Kale. Mtoto huyu ndiye anayenifurahisha kuliko wote, na najua fizio hatakiwi kuandika hivyo. Ana miaka mitano. Alizaliwa salama, akalia, akanyonya, siku ya tatu akawa manjano hadi nyayo. Wakamuanika jua la asubuhi barazani wiki nzima, kama walivyoshauriwa na watu wazima. Jua la asubuhi si taa ya hospitali. Ile manjano ikizidi huingia kwenye ubongo na kuchoma sehemu zinazoongoza mwendo, na huacha alama zake: mwili unaojinyonganyonga bila kuombwa, masikio yenye kasoro, na macho yasiyoweza kutazama juu. Akili mara nyingi hubaki timamu. Yake ni kali.

Kwa hiyo kiti chake hakifanani na cha Mtongwe. Kwanza meza iko chini kuliko kawaida na picha zimebandikwa mezani, si ukutani, maana chochote kilicho juu ya uso wake kwake hakipo. Walimu wawili walishamwandika kuwa hasikilizi wala hatazami. Kumbe ubao wa darasa ulikuwa juu. Pili, fundi amekaza kijiti cha mduara, kipande cha mpini wa ufagio, upande wa kushoto wa meza. Mtoto akikishika kwa mkono wa kushoto, mkono wa kulia unatulia. Si utulivu kamili, lakini umetosha kuweka kidole juu ya picha ya kikombe na kukiacha hapo.

Alikiacha hapo muda mrefu. Sote tukatazamana. Dadake ndiye aliyekumbuka kwamba mtu akionyesha kikombe huenda ana kiu.

Aprili, wiki ya pili

Masika. Hakuna kazi. Mbao tatu zimeota kuvu, na mende wamegundua kwamba gundi ya ngano ni chakula. Usiku ukiwasha tochi uwani unasikia wakikimbia ndani ya kiti cha Majengo cha pili. Fundi amechemsha majani ya mwarobaini na maji hayo ndiyo tunayopikia gundi sasa. Mende wamepungua. Huenda ni mwarobaini, huenda ni mkono wa tatu wa vanishi tuliouongeza, au kuku wamejirekebisha.

Tumekubaliana kikalio na ubao wa miguu vitakuwa plaiwudi, mgongo na mbavu ndizo zitakazobaki makatoni. Gharama imepanda. Nilikuwa nimewaringia watu kwamba kiti kizima ni karatasi.

Aprili, wiki ya tatu

Kwa sababu ya mvua nimerudi kwenye kazi isiyohitaji kukaushwa. Wa Kongowea, nje ya wale watano wa viti, ana miaka mitatu, upande wa kulia umepooza kidogo, anatembea akikanyaga kwa vidole mguu mmoja. Huyu hahitaji kiti, alihitaji ndimu.

Mtoto wa upande mmoja huusahau mkono dhaifu kwa kuwa ule mzima unatosha kwa kila kitu. Dawa yake ni kuufungia ule mzima kwa muda, kila siku, wiki kadhaa, na kumpa mwingine kazi anayoipenda. Njia hii ilianzia kwa Edward Taub wa Marekani na kwa watoto wa aina hii imethibitika vizuri. Mamake anauza ndimu na pilipili sokoni. Tukauvika mkono wa kushoto soksi, tukaufunga kwa kipande cha leso, tukaweka ndoo mbili. Ndimu zitoke ndoo ya kijani ziende ya nyekundu. Siku ya kwanza saba kwa saa nzima, na kilio. Siku ya tisa arobaini na moja, na mteja mmoja akauziwa ndimu ambazo mtoto alikataa kuziachia.

Kilichotokea sikukitarajia. Kwanza jirani wa kibanda cha pili alimtangaza mama sokoni kuwa anamfunga mtoto mlemavu kama mwizi, ikabidi niende kueleza nikiwa nimesimama katikati ya magunia ya vitunguu. Pili, babu. Babu alifurahi kupita kiasi. Mtoto amekuwa akila kwa mkono wa kushoto na mzee alikuwa akimchapa kidoleni, polepole lakini kila siku. Sasa akaona nimekuja kumnusuru na aibu, akataka soksi ivaliwe kutwa kucha. Nikamwambia, "Babu, saa mbili tu, za mchezo. Sahanini mwacheni ale na mkono unaomtii. Huyu ana udhuru." Neno "udhuru" lilifanya kazi ambayo maelezo yangu ya ubongo yasingeifanya.

Mei, wiki ya kwanza

Kuhusu kukanda, kwa kuwa kila mama ananiuliza na leo nimeulizwa mara tatu. Kukandwa kwa mafuta ya nazi baada ya kuoga ni raha, mtoto hulegea, hulala, na mikono ya bibi ina maana yake. Sikatazi. Ila kumnyoosha mtoto kwa nguvu huku analia, kwa dhana kwamba mguu utanyooka, hakumfunzi kitu. Iona Novak na wenzake wa Australia walipitia ushahidi wote 2013, wakarudia 2020, na matokeo hayakuwafurahisha watu wa kazi yangu: kumnyoosha mtoto kwa mikono, na mbinu nyingi za kumshika na kumgeuza tulizofundishwa chuoni, hazina nguvu tuliyozidai. Kinachofaa ni mtoto mwenyewe kujaribu jambo halisi analolitaka, mara nyingi, nyumbani. Kikombe. Ndimu. Mimi nimewanyoosha watoto miaka tisa kabla ya kukubali hilo, na wengine walinichukia hadi waliposikia viatu vyangu mlangoni walianza kulia.

Mei, wiki ya tatu

Mtongwe tena, wiki mbili baada ya kukipeleka kiti. Nilikikuta kona ya chumba. Juu yake redio, kopo la chumvi na mafungu mawili ya leso zilizokunjwa.

"Mtoto yuwalia akiwekwa," bibi akasema, na hakuona haya hata chembe. "Hicho chema kwa redio."

Nikampakata mtoto, nikamweka. Kweli akalia, akasukuma kwa miguu. Nikakagua mkanda, nikakagua ubao wa miguu, vipimo vyote sawa. Nikakaa sakafuni mbele yake nione anachokiona yeye. Alikuwa anaona ukuta. Kile ni kiti cha pembe, nami nilikuwa nimemwambia bibi akiweke pembeni, akakiweka pembeni, kimegeukia ukuta kwa sababu upande wa pili kuna kitanda.

Tukakitoa hadi barazani. Ilikuwa saa kumi, watoto wanarudi madrasa. Wa kwanza akamsalimu kwa jina. Wa pili akasimama kumwangalia mkanda. Muuza mahamri akapita, akamuuliza bibi, "Huyu ndiye wako? Mbona mkubwa hivi?" Mtoto alikuwa amenyamaza tangu wa kwanza. Kichwa kilisimama, kikaanguka, kikasimama tena kumfuata mwenye mahamri. Nilitazama saa: dakika 22. Mkekani kwangu hajawahi kuzidi mbili.

Bibi akaenda ndani akarudi na mbaazi zilizopondwa na kijiko. Kidogo. Sikumwambia.

Juni, wiki ya kwanza

Kusi limeingia, mbao zinakauka. Viti vinne viko majumbani, cha tano kina mkono mmoja wa vanishi. Wa Kongowea ameachwa na soksi na anafungua mfuko wa plastiki kwa mikono miwili, jambo ambalo mamake halifurahii.

Nyonga zinanitia wasiwasi. Kati ya watoto wenye mtindio wa ubongo takriban mmoja katika watatu nyonga humsogea kutoka shimoni, na daraja la tano ni karibu wote, tisa kwa kumi. Mwanzo hakuna maumivu, hakuna dalili unayoiona kwa macho, ni picha ya eksrei tu. Nilimwandikia bibi barua ya picha. Alivuka feri na mtoto, akapanga foleni tangu saa mbili, saa saba akaambiwa mashine imeharibika arudi wiki ijayo. Akarudi wiki ijayo. Akaambiwa barua imepitwa na muda. Kituo sikitaji. Nimeandika barua nyingine na safari hii tunakwenda wote, tuktuk nitalipa mimi.

Juni, wiki ya nne

Picha imepatikana. Nyonga ya kulia imesogea, bado haijatoka. Daktari wa mifupa atamwona mwezi ujao. Bibi alitaka kujua kama ni kosa la kiti. Nikamweleza kwamba hili lilianza kabla ya kiti, na kwamba kukaa magoti yametengana si vibaya kwa nyonga, lakini nisingemdanganya kuwa kiti kitairudisha. Akaitikia kwa kichwa. Kisha akaniarifu kwamba jana wakati wa kula amekohoa mara mbili tu, juzi tatu. Anahesabu siku hizi, kwa mistari ya mkaa ukutani barazani.

Nimempima upya akiwa kitini. Goti hadi kisigino 22, makalio hadi goti 25 na nusu. Kiti cha karatasi hakitupwi, kinarekebishwa tu: tabaka la mgongoni litolewe, ubao wa miguu ushushwe sentimita moja. Fundi anasema kazi ya asubuhi moja, akipata makatoni mazito. Yale ya sabuni yanafaa, trei za mayai hazifai, zinanyonya gundi na hazishibi. Kesho alfajiri Kongowea.